Jiwe la Ndarugo

Redio ya kitanda cha saba imetangaza jioni hii
kwamba watu watakwenda Mirihi,
miezi saba kwenda, na kurudi Mungu ajua.
Ondari wa kitanda cha tisa akacheka hadi kamba ikatikisika:
"Waambieni mimi nimeshafika."

Wiki ya kumi na moja, mguu wa kulia hewani,
paja limevunjika mara mbili
tangu mbao za jukwaa zilipomwacha
ghorofa ya nne, mjengo wa Pangani.
Vyuma vya uzani havitutoshi,
kwa hiyo kinachomvuta ni mawe mawili ya kujengea
yaliyofungwa bandeji mwisho wa kitanda.
Siku ya kwanza aliyakodolea macho, akasema:
"Hili la chini ni la Ndarugo.
Aliyelichonga alikuwa na haraka."

Mimi kazi yangu ni kufundisha watu kusimama.
Wodini wananiita Mama Hatua.
Nimeona yanayoupata mwili usiobebeshwa kitu:
shavu la mguu huyeyuka
kama sabuni iliyosahauliwa majini,
na mfupa, tunaoudhania nguzo, kumbe ni kibarua:
usipoitwa kazini hufungasha chokaa yake
ukaondoka nayo usiku kwa usiku, kwa njia ya mkojo.
Moyo nao hujifunza uvivu.
Mwinue mtu ghafla, damu inasahau
njia ya kupanda kichwani.

Na huyu amelala Nairobi,
dunia bado imemshika shati.
Je, kule kusiko na chini?

Zamu yangu imekwisha, sijaondoka.
Nakiwaza chombo chao: watu sita, bati jembamba,
giza pande zote.
Nani atamnunia nani kwa ajili ya kijiko?
Humu wanaume wawili hawajasemezana tangu Februari
kisa dirisha:
mmoja anataka hewa, mwenzake anasema vumbi.
Kule dirisha halifunguki, na ugomvi utapata wapi pa kutokea?

Kila Jumapili Ondari humpigia mkewe, Kwamboka, Nyamira.
Simu ikikatika huitazama
kama mtu aliyezabwa kofi na ndugu.
Nimesoma kwamba kutoka Mirihi
"hujambo" yaweza kusafiri dakika ishirini,
na "sijambo" ishirini nyingine.
Katikati hapo, mtu afanye nini na uso wake?

Nilikuwa tayari kusema hatukuumbiwa hayo.
Kisha mvua ikaanza upande wa Mbagathi,
harufu ya vumbi lililoloa ikaingia,
na wale wawili wa dirisha wakainua pua kwa pamoja,
bila kutazamana, bila kusema neno.
Nikageuka. Kwenye kadi ya joto lake, nyuma,
Ondari alikuwa amechora nyumba kwa penseli,
vyumba vitatu, ngazi, tangi la maji,
vipimo vyote vimeandikwa kwa futi,
mtu ambaye hajaona kisigino chake tangu Krismasi.
Basi sijui.
Niulizeni habari ya magoti, hapo nina jibu.

Alhamisi tulimfungua.
Akashusha mguu taratibu, kama anayepima maji ya kuoga.
Sakafu ikamjibu kwa nguvu.
"Mama Hatua," akasema, jasho likimtiririka,
"ni nani ameongeza uzito wa dunia nikiwa nimelala?"
Hatua tatu kuelekea mlangoni.
Ya nne hakuipata, nikampata mimi.

Kabla ya kuruhusiwa aliomba jiwe lile aende nalo.
Bwana stoo akakataa: limo kwenye daftari.
Akaomba basi tindo na nyundo,
akaketi ukumbini asubuhi nzima, magongo ubavuni,
akipuliza unga mweupe, akifumba jicho moja.

Sasa limefungwa kitanda cha tano, linamvuta kijana wa bodaboda.
Pembe zake zimenyooka.